Sufuria ya Garas

Nyumbani kwetu Masalani chai huja kabla ya maneno. Mgeni akivua viatu na kukaa mkekani, chupa ya chai inawekwa mbele yake, kikombe kinasuuzwa, na ndipo habari za safari, za mvua na za mifugo zinapoanza. Ayeyo wangu, mama mzaa mama, aliiita shaah. Ilikuwa na maziwa mengi, sukari isiyopimwa, iliki, mdalasini, tangawizi, na siku za wageni wakubwa karafuu mbili tatu. Ungemwambia kwamba chai hiyo si ya Kisomali angekucheka, kisha akuongezee kikombe.

Mimi nafundisha historia katika shule moja ya sekondari hapa Kaunti ya Garissa. Miaka michache iliyopita niliwapa wanafunzi wa kidato cha pili kazi ya nyumbani niliyoiona rahisi: andika kila kitu kilichoingia katika chai ya asubuhi kwenu, halafu utafute kilitoka wapi kwanza. Nilitaka wasome biashara ya Bahari ya Hindi bila kusinzia.

Majibu yalikuja mazuri. Mchai ni wa Asia. Hapa Kenya ulipandwa mara ya kwanza Limuru mwaka 1903, na mashamba makubwa ya Kericho yakafuata miaka ya 1920. Unataka mvua karibu mwaka mzima na hewa ya baridi, vitu viwili ambavyo sisi huvisikia redioni tu. Iliki asili yake ni milima ya magharibi mwa India, ingawa wakulima wa Usambara huko Tanzania nao wameilima sana chini ya kivuli cha msitu wenye ukungu. Mdalasini ni wa Sri Lanka. Karafuu ni ya visiwa vya Maluku, ikafika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19 na kuwa utajiri wa masultani. Tangawizi ni ya Asia. Muwa ulianzia New Guinea. Kikombe kizima, ukiondoa maziwa, kimetoka kwa watu wengine.

Chini ya karatasi yake binti mmoja aliandika kwa penseli, kwa herufi ndogo kana kwamba hakutaka nione: "Mwalimu, sasa cha kwetu ni kipi?"

Nilimpa alama zake zote. Swali lenyewe sikulijibu. Nilirudi nalo nyumbani, na insha hii ni jibu ambalo nimechelewa kumpa.

Kwanza niongeze mambo ambayo wanafunzi hawakuyaandika, kwa kuwa hayamo kwenye chai. Siku za dua na harusi wazee wetu hukaanga buni kwenye samli au mafuta ya simsim, punje zikapasuka na nyumba nzima ikanukia. Punje hutafunwa, mafuta yake mtu hujipaka mikononi na kichwani. Hakuna jambo la Kisomali kuliko hilo, na hali buni asili yake ni misitu ya nyanda za juu za kusini-magharibi mwa Ethiopia, pande za Kafa, ambako hadi leo mibuni huota yenyewe chini ya miti mikubwa na mvua hainyimi. Halafu kuna miraa. Kila alasiri magari yanayotoka Meru huingia Garissa kwa kasi ambayo hata ambulensi haina, maana jani likikaa siku mbili nguvu yake inakwisha. Mirungi hiyo hukua vilima vya Nyambene, juu, kwenye baridi. Uingereza ilipopiga miraa marufuku mwezi Juni 2014, huku kwetu watu walizungumza habari hiyo kana kwamba shamba la baba yao limechomwa.

Kwa hiyo tuna desturi ya kuheshimu mimea ya nchi za baridi na mvua. Tunaipokea, tunaipa majina yetu, tunaitolea mashairi, na baada ya vizazi viwili hatukumbuki kwamba ilikuja na gari. Hilo si kosa. Kila watu duniani wamefanya hivyo. Kinachoniumiza ni kingine: kwamba muda ule ule tuliokuwa tukijifunza kuita mimea ya mbali "yetu", tulikuwa tukijifunza kuiita mimea ya nyumbani "njaa".

Mtu wa Nairobi ukimwambia Garissa, anaona mchanga na ngamia. Ijara haiko hivyo. Ndiyo kona ya kusini ya kaunti, inayopakana na Lamu, na mvua ya bahari huifikia kuliko inavyofika Dadaab au Modogashe. Magharibi tuna Mto Tana. Ng'ambo yake na kandokando yake Wapokomo wamelima kwa karne nyingi kwa kufuata mafuriko: mpunga, ndizi, mahindi, na miembe ambayo vivuli vyake huonekana kutoka mbali. Maziwa na samli vilivuka mto kwenda kwao, mahindi na ndizi vikavuka kuja kwetu. Mashariki na kusini kuna msitu wa Boni, sehemu ya mkanda wa misitu ya pwani ulioanzia Somalia na kuteremka hadi Msumbiji. Asubuhi za miezi ya mvua ukungu hukaa juu ya miti mpaka jua lipande. Ukilinganisha na Wajir, sisi ndio wenye baridi na mvua.

Na katika ardhi hiyo kuna chakula. Kuna mkwaju, ambao ukwaju wake hutiwa kwenye mchuzi na kwenye maji ya kunywa. Kuna mkoma, mti wa jamii ya mnazi unaogawanyika matawi. Majani yake husukwa mikeka, na ganda la koma lake watoto hulitafuna kwa ajili ya utamu wake mkavu. Kuna mkunazi. Kuna mkone, wenye vitunda vidogo ambavyo mchungaji huvila huku akitembea. Kuna mswaki, ambao kila mmoja wetu anautumia kabla ya swala na hauulizi umetoka wapi. Kuna mbungo, mtambaazi wa msituni wenye matunda ya rangi ya chungwa yanayokunja uso kwa uchachu. Jamaa zake mbungo ndio waliokamuliwa utomvu katika misitu ya pwani ya Afrika Mashariki karne ya 19, ukauzwa ng'ambo kutengenezea mpira. Na kuna garas.

Garas ni mti wa majani mazito ya kijani, unaobaki kijani wakati kila kitu kimekuwa kijivu. Matunda yake huiva wakati wa ukame, na wazee husema mwaka ambao garas imezaa sana, jiandae, mvua haitakuja. Nyama ya tunda unaweza kula hivi hivi. Punje ya ndani ndiyo yenye kazi. Inachemshwa kwa saa nyingi, maji yakimwagwa na kubadilishwa, mpaka harufu yake kali iondoke. Ukikosea, tumbo litakueleza.

Nilijua garas tangu nikiwa mtoto kwa sababu moja tu. Darasani kwetu shule ya msingi kulikuwa na mvulana Mboni. Jina hilo wamepewa na wengine. Wengi wao hujiita Aweer. Siku moja alikuja na mkebe wa maziwa ya unga uliojaa punje zilizochemshwa, na mabungo mawili juu yake. Saa ya mapumziko alinikaribisha. Mimi nikasema kwa sauti, ili wote wasikie, kwamba hicho ni chakula cha nyani. Watu wakacheka sana. Nilikuwa na umri wa miaka kumi, na nilijisikia mtu mkubwa. Yule mvulana akafunga mkebe wake. Hakuuleta tena, na muhula uliofuata alikuwa hasemi na mimi.

Nani alinifundisha kusema vile? Hakuna aliyenikalisha chini. Ilikuwa hewani. Waaweer walikuwa watu wa msitu: wawindaji, wachimba mizizi, warina asali. Lugha yao ni ndugu wa karibu wa Kisomali, na walikuwa huku kabla yetu. Wasomali wafugaji walivuka Mto Juba katika karne ya 19, wakawasukuma Waorma, na mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwa wamefika Tana. Tulipofika na ng'ombe wetu tuliwakuta Waaweer, tukawaita watu wasio na mali kwa kuwa mali kwetu ilikuwa kitu chenye miguu minne. Lakini tulichukua kutoka kwao. Tulichukua asali, pembe, dawa, na maarifa ya mahali palipo na maji. Hatukuwa na adabu ya kutaja tulikochukua.

Asali yenyewe ni elimu. Katika nchi hii kuna ndege mdogo anayemwita mtu, akaruka mti kwa mti, akimpeleka kwenye mzinga ili baadaye ale nta. Mtafiti Mkenya Hussein Adan Isack, pamoja na Heinz-Ulrich Reyer, waliwafuata Waborana warina asali kaskazini mwa Kenya, wakachapisha matokeo yao mwaka 1989. Katika eneo asilolizoea, mtu aliyetafuta peke yake alitumia wastani wa karibu saa 9 kupata mzinga mmoja. Akiongozwa na ndege, saa 3 na kidogo. Wanasayansi walishangaa. Waaweer, waliokuwa wakimjibu ndege huyo kwa miluzi tangu mababu, nadhani wangeshangaa kwamba jambo hilo lilihitaji kupimwa.

Sasa nije kwa Ayeyo.

Mwaka 2011 mvua zilikosekana. Mwezi Julai Umoja wa Mataifa ulitangaza baa la njaa kusini mwa Somalia, na upande wetu wa mpaka ng'ombe walikuwa wakianguka njiani. Nilikuja nyumbani likizo nikamkuta Ayeyo ameketi nyuma ya nyumba, sufuria kubwa jikoni, mvuke wenye harufu ambayo pua yangu iliitambua kabla yangu. Alikuwa akichemsha garas. Alikuwa amemtuma kijana mmoja wa jirani akamletee, kwa siri, kama mtu anayeagiza pombe.

Nikamuuliza, "Ayeyo, unga umeisha?"

"Unga upo," akasema. "Nimeikumbuka tu."

Wakati huo huo wakaingia wageni, wanawake wawili wa ukoo. Ayeyo aliinuka upesi kuliko nilivyowahi kumwona akiinuka. Akafunika ile sufuria kwa sinia, akaweka gunia juu ya sinia, kisha akaja mbele na chupa ya chai. Iliki, mdalasini, maziwa ya pakiti maana ya ng'ombe hayakuwepo. Wageni wakanywa, wakasifu. Walipoondoka alirudi nyuma ya nyumba, akafunua sufuria, akamwaga maji, akatia mengine. Ndipo akanisimulia, bila kuniangalia, macho yake kwenye moto.

Ilikuwa wakati wa vita vya shifta. Wasomaji wachanga huenda hawajui: Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, na tarehe 28 ya mwezi huo huo hali ya hatari ikatangazwa katika Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, kwa kuwa wengi huku walitaka kujiunga na Somalia. Vita viliendelea mpaka mapatano ya Arusha ya Oktoba 1967. Kuanzia 1966 watu wa kuhamahama walikusanywa katika vijiji vyenye ulinzi, na mfugaji aliyefungiwa mahali pamoja hupoteza mifugo hata kama hakuna aliyeipiga risasi. Waaweer nao, katika miaka hiyo hiyo ya 1960, walitolewa msituni wakapangwa vijijini kandokando ya barabara. Sheria za hali ya hatari huku kwetu zilibaki mpaka mwaka 1991. Haya yamo vitabuni.

Lililomo kwa Ayeyo ni hili. Alikuwa ameolewa karibuni na alikuwa na mtoto mchanga. Usiku mmoja walikuja watu wenye bunduki. Hakuwahi kuniambia wa upande gani, na nilipouliza alisema usiku bunduki hazina upande. Ng'ombe walikwenda, wanaume wakatawanyika, naye akakimbilia vichakani na wanawake wawili, wakaelekea msitu kwa kuwa kwingine kote kulikuwa wazi. Siku ya tatu mwanamke mmoja wa Kiaweer, aliyekuwa akichimba mizizi, aliwaona kabla wao hawajamwona. Hakuuliza kitu. Aliwapa asali iliyochanganywa na maji, akawapeleka kwenye kibanda, na kwa muda wa mvua moja nzima aliwalisha: viazi mwitu, mabungo, koma zilizotwangwa, na zaidi ya yote garas.

"Alinionyesha," Ayeyo akasema. "Maji ya kwanza mwaga. Ya pili mwaga. Ya tatu onja kidogo, mwaga. Maziwa yangu yalikuwa yamekauka. Nilipokula garas siku nne, yakarudi."

Mtoto huyo ni mama yangu.

Nilikaa kimya. Nilimkumbuka yule mvulana na mkebe wake. Nikamuuliza Ayeyo kwa nini hakuwahi kutuambia. Akaniangalia kwa mara ya kwanza, akacheka bila furaha. "Ningesema nimekula jungu moja na Boni, mama yako angeolewa na nani? Na wewe ungetoka wapi?"

Nimefundisha historia kwa muda mrefu na sijapata maelezo mafupi kuliko hayo kuhusu namna chakula kinavyofutwa. Tunadhani maarifa hupotea kwa sababu wazee wanakufa. Mengine hupotea wazee wakiwa hai, sinia likiwa juu ya sufuria, kwa kuwa kuyataja kuna bei.

Na aibu hiyo haikukua peke yake. Ilimwagiliwa. Nilipoanza kupanga tarehe, niliona jinsi kila kizazi kilivyopewa sababu mpya ya kuusahau msitu. Mwaka 1976 Hifadhi ya Taifa ya Boni ilitangazwa, kilomita za mraba 1,339, ndani ya Ijara. Mwaka huo huo Hifadhi ya Dodori ikatangazwa upande wa Lamu. Mwezi Mei 1977 serikali ikapiga marufuku uwindaji nchini kote. Nia ilikuwa kuokoa wanyama, na wanyama walihitaji kuokolewa. Majangili wa pembe walikuwa wakimaliza ndovu. Lakini kwa Mwaweer, uwindaji na uchumaji vilikuwa safari moja. Mtu alitoka asubuhi na upinde, akarudi na nyama au bila nyama, lakini mkoba wake ulikuwa na matunda, mizizi, magome na asali. Ukimwambia asibebe upinde, hawezi kueleza anafanya nini msituni. Akikutwa, mizizi haitamtetea.

Baadaye ukaja ukame wa 1984, na mahindi ya njano ya msaada. Watu wa umri wa mama yangu wanayakumbuka kwa jina moja tu, "yellow", na wanakunja pua. Yalituliza njaa, hilo haliwezi kukanwa. Pia yalitufundisha kwamba mvua ikikosekana, chakula hutoka kwenye lori. Kitu kinachotoka kwenye lori kina karatasi, kina mizani, kina foleni, na mtu akipanga foleni ni raia. Anayechimba ardhini peke yake anaonekana amesahaulika. Sijawahi kusikia mtu akihesabu garas kama sehemu ya akiba ya chakula ya kaunti hii. Haina gunia lenye muhuri.

Kisha mlango ukafungwa kabisa. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni mwaka 2014, ambapo zaidi ya watu 60 waliuawa, serikali ilianzisha Operesheni Linda Boni mwezi Septemba 2015 kuwatoa Al-Shabaab msituni. Walioishi kando ya msitu walikaa kati ya moto mbili. Sitajifanya jambo hili ni jepesi. Nimezika watu waliouawa na mabomu ya barabarani, na sitaki mtoto yeyote aingie msitu wenye mabomu kutafuta mabungo. Lakini sheria ya misitu ya mwaka 2016 inatambua desturi ya jamii za msituni kuchukua mazao ya msitu kwa matumizi yao wenyewe. Haki ipo kwenye karatasi, msitu upo mbele ya macho, na kati yake kuna njia ambayo mtu mwenye akili hapiti.

Mtu aliyenieleza maana ya hilo ni mzee mmoja wa Kiaweer aliyekuja Masalani kutoka upande wa Hulugho kutibiwa macho. Nilimkuta kwa jamaa yangu, nikamwita abti kama ninavyomwita mjomba wangu, akanitazama muda kidogo kuona kama namdhihaki. Tulipozoeana nilimwomba anitajie mimea ya kuliwa. Akaanza vizuri. Alitaja, nami nikaandika, mpaka karibu thelathini. Halafu akaanza kukwama. Si kwamba alisahau jina. Jina lilikuja, lakini hakuweza tena kunieleza vipi mti huo unatofautiana na ndugu yake, kwa kuwa, alisema, tofauti iko kwenye kidole.

"Ungekuwa pale ningekushikisha," akasema. "Kwa mdomo haiwezekani, mwalimu. Kwa mdomo nitakuua."

Hakuwa anatia chumvi. Chukua mtapo, mmea unaofanana na mnazi mfupi, ambao upo katika misitu ya pwani yetu. Ndani ya shina na mbegu zake mna wanga ambao umewavusha watu wa pwani njaa nyingi. Pia mna sumu. Lazima ukatwe, ukaushwe, ulowekwe siku kadhaa, maji yabadilishwe, ndipo usagwe uwe unga. Anayejua hatua zote ana ghala lisilooza. Anayejua hatua zote isipokuwa moja, ana kaburi. Maarifa ya namna hii hayakubali kujulikana nusu. Chai ukiisahau dakika mbili motoni inakuwa chungu tu, na hakuna anayekufa. Labda ndiyo sababu chai imesafiri dunia nzima na mtapo umebaki msituni na wanaoujua.

Mzee alikuwa na wajukuu. Nilimuuliza kama wanajua. Mkubwa wao, alisema, alizaliwa mwaka ambao watu waliacha kuingia ndani. Sasa anaweza kutaja msitu kwa kuunyooshea kidole kutoka barabarani.

Niliporudi Garissa nilimtafuta yule mwanafunzi mwenzangu wa zamani. Haikuwa kazi rahisi, lakini watu wa Ijara hatuishi kujuana, na baada ya wiki mbili nikapata namba yake. Anafanya kazi ya ulinzi Mombasa. Nilijitambulisha, nikamwambia nakumbuka siku ya mkebe, na kwamba namwomba msamaha. Kukawa kimya mpaka nikadhani simu imekatika.

"Wewe ndiye uliyesema nyani," akasema.

"Ni mimi."

"Mimi nilikuwa nakupa kwa sababu nilikuona siku ile hukuja na chakula."

Hilo sikulikumbuka. Mpaka leo sijui kama nililisahau au nililifunika. Tulizungumza kidogo habari za watoto. Kabla hatujaagana alicheka, akaniambia mabungo yenyewe siku hizi anayanunua. Kuna mama anauza juisi yake karibu na kazini kwake, yenye sukari nyingi na barafu, watu wanapanga foleni. "Wanasema ina faida mwilini," akasema. "Nami nalipa kama wao."

Ayeyo alifariki kabla sijampelekea habari za mzee wa Hulugho wala za simu hiyo. Tulipogawana vyombo vyake, jamaa walichukua chupa za chai na birika. Mimi niliomba ile sufuria. Hakuna aliyeshindana nami, chini yake imeungua.

Muhula uliopita nilitoa tena kazi ya chai, na mara hii niliongeza sehemu ya pili: muulize mtu mzee kuliko wote nyumbani, wakati hakukuwa na kitu, mlikula nini, na nani aliwaonyesha? Nilisisitiza hilo la mwisho. Darasa lina wanafunzi 41. Waliorudi na jibu la sehemu ya pili ni 9. Wengine waliandika kwamba mzee alikataa, au alisema hiyo si habari ya kuandikwa shuleni. Mmoja aliandika kwamba babu yake alimfukuza, kisha usiku akamwita, akamtajia mti mmoja tu, akamwambia alale.

Yule binti wa penseli alikuwa amekwisha kuingia kidato cha nne, kwa hiyo kazi hiyo haikumhusu. Hata hivyo alisikia kwa mdogo wake, akaniletea karatasi mwenyewe, ofisini, wakati wa chai ya saa nne. Ilikuwa na majina 11. Saba niliyajua. Manne sikuwahi kuyasikia kwa mzee wa Hulugho wala kwa Ayeyo. Kando ya moja aliandika: "Huu nyanya anasema hauliwi mpaka uoshwe, lakini hakumbuki mara ngapi. Aliyejua alikuwa jirani yao wa Kiboni. Anauliza kama mwalimu anajua jina la watu wake, walihamia wapi."

Nilimwambia sijui, ila tutatafuta. Akakaa. Nikammiminia chai, nikafungua daftari langu lenye majina ya mzee, tukaanza kulinganisha.